Pemba, Komoro au Shelisheli: safari ya kwanza ya kuvuka bahari kwa mashua ndogo ya tanga

Ukiwa Nairobi, bahari huonekana fupi. Unapanda treni asubuhi, alasiri uko Mombasa, jioni umeketi kando ya hori ya Kilifi ukitazama mashua zikigeuka taratibu kwenye maboya yake. Kwenye ramani ya simu Pemba iko umbali wa ukucha, na Shelisheli ni vidole vitatu tu kuelekea mashariki. Wengi ninaokutana nao hukwama hapo. Wana mashua ya futi 30 hivi, au wameichangia wanne, wamejifunza tanga Naivasha, wamezoea kutoka asubuhi na kurudi jioni pwani, na sasa wanataka kuvuka kwa mara ya kwanza. Waanze na Pemba? Wateremke Komoro hadi Nosy Be kule Madagaska? Au waelekeze omo, yaani pua ya mashua, mashariki hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli?

Pemba nimekwenda mara nyingi. Komoro nimefika nikiwa baharia kwenye mashua ya mwenzangu, na kutoka Shelisheli nimerudi kwa tanga mara moja. Kila moja ina mtu wake, kwa hiyo nitazipima kwa vipimo vile vile, kisha uchague.

Tutapima kwa nini

Kipimo cha kwanza ni upepo na mkondo, kwa kwenda na kwa kurudi. Katika bahari yetu kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti kabisa, na mtu anayepanga moja akidhani ya pili itajipanga yenyewe huishia kuiacha mashua ugenini. Cha pili ni siku utakazokaa bila bandari ya kukimbilia. Cha tatu ni hatari za njia yenyewe: tufani, miamba, watu wabaya. Cha nne, nani atakuja ukikwama. Cha tano, karatasi. Cha sita ni likizo yako, na hiki wakazi wa Nairobi hukisahau wakati ndicho kinachoharibu safari nyingi kuliko mawimbi.

Kwa hesabu nitachukua noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, sawa na maili 120 kwa siku. Hiyo ni mashua ya futi 30 yenye upepo mzuri. Ikilazimika kubisha, kwenda pembepembe dhidi ya upepo, ukipata maili 60 za kusogea mbele kwa siku shukuru.

Kalenda ya pepo, kabla ya yote

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kwa kawaida si mkali. Kusi hushika Mei hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndiyo yenye nguvu, noti 20 na zaidi siku nyingi. Katikati kuna tangambili, mwezi wa Aprili na tena Oktoba hadi Novemba, upepo ukiwa mwepesi na usiojua unatoka wapi.

Chini ya pepo hizo kuna mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini mwaka mzima kando ya Tanzania na kusini mwa Kenya. Wakati wa kaskazi hudhoofika. Wakati wa kusi hufikia noti 4. Weka namba hiyo kando ya noti 5 za mashua yako.

Mimi sikuziweka. Mwaka wangu wa pili nilitoka Kilifi Ijumaa ya mwezi wa Julai kwenda Pemba, kwa sababu likizo yangu ilianza Ijumaa hiyo. Tulibisha usiku kucha, mashua ikienda vizuri, tanga zimekaa sawa, kila mtu akijisikia baharia. Alfajiri tukaona ufuo na mahoteli tunayoyafahamu. Ilikuwa Watamu, kaskazini mwa tulikotoka. Mzee mmoja nahodha aliyetuona tukirudi aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani aliwaambia mtoke jana?" Nikamwambia ukweli: ofisi. Tangu siku hiyo ninaomba likizo nikiwa nimeshaangalia mwezi wa upepo.

Pemba, na Unguja ukipenda

Kutoka Kilifi hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ni kama maili 75. Hadi Mkoani ni kama 105, na hadi mji wa Zanzibar kama 160. Ni usiku mmoja baharini, au miwili ukiendelea Unguja. Usiku huo mmoja una kila kitu utakachokutana nacho kwenye safari ndefu: zamu, kichefuchefu, meli kubwa zinazoelekea Mombasa, uchovu wa saa tisa za usiku ambapo akili hukubali jambo lolote. Ukiharibikiwa mapema unageuka. Pwani ya Kenya iko upande wako wa magharibi muda wote.

Wa kwenda ni upepo wa kaskazi, Desemba hadi Februari. Lakini usidhani upepo wa nyuma ni starehe tupu: katika Mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara wenye kina cha mamia ya mita, kaskazi inakutana uso kwa uso na mkondo unaopanda. Upepo ukisukuma maji huku na maji yakienda kule, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima. Siku ya upepo wa noti 20, mashua ya futi 30 hupigwa kweli kweli humo. Subiri siku ya noti 10 hadi 15. Kurudi kuna njia mbili: kubisha taratibu ukibebwa na mkondo, au kusubiri upepo ulegee mwezi wa Machi. Mkondo ulionichapa Julai ule ndio unaonirudisha nyumbani Machi.

Hatari kubwa ya Pemba ni kufika. Upande wa magharibi umezungukwa na miamba, na malango kama Njao na Fundo unayaingia ukielekea mashariki. Maana yake ni kwamba asubuhi jua liko machoni mwako, maji yanang'aa kama bati jipya na mwamba huuoni. Ingia kati ya saa tano na saa tisa mchana, jua likiwa juu au mgongoni, mtu mmoja akiwa amesimama omo. Kwa hiyo hesabu yako ianzie mwisho: ukitarajia noti 3 na nusu juu ya ardhi kwa sababu ya mkondo, maili 75 ni saa 21 na kidogo, basi toka Kilifi mchana, saa nane au saa tisa. Ukichelewa na giza likakukuta nje ya miamba, punguza tanga, kaa mbali na nchi kavu, subiri mchana. Usiku wa kukosa usingizi nje ya mwamba una asubuhi. Angalia pia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na mahali ulipopita kwa raha maji yakiwa yamejaa waweza kukaa juu ya matumbawe baada ya muda wa saa sita.

Ukiendelea Unguja, uheshimu mlango wa bahari ulio kati ya visiwa viwili hivyo. Mwaka 2011 meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama humo usiku ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Kosa lilikuwa la mzigo na watu, lakini maji yale hayasamehe chombo kilicholegea.

Msaada uko karibu kiasi. Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini, chini ya Kenya Maritime Authority, na redio ya VHF chaneli 16 itasikiwa na meli zilizo karibu. Karatasi ni nyepesi kuliko njia nyingine: Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, ila pasipoti na cheti cha homa ya manjano viwe mkononi. Wengi huanzia Mkoani kwa uhamiaji. Uliza mapema, kabla ya kununua chakula, ni bandari ipi itakayokugongea muhuri wa kutoka Kenya.

Inamfaa mtu mwenye siku saba hadi kumi za likizo na mabaharia ambao hawajawahi kulala baharini. Haimfai anayetaka kujua bahari kuu ikoje siku ya tano. Hiyo Pemba haiwezi kukuonyesha.

Komoro, Mayotte na Nosy Be

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi kwenye mazungumzo na ndiyo ngumu zaidi kuipanga ukitokea Kenya. Kwa mstari ulionyooka Moroni ni kama maili 525 kutoka Kilifi, Mayotte kama 640, Nosy Be kama 770. Kwa hesabu ya maili 120 ni siku tano hadi saba. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo haitimii.

Upepo wa kukupeleka kusini ni kaskazi. Na miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya tufani kusini mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Tufani Kenneth ilipita Komoro Aprili 2019. Tarehe 14 Desemba 2024 tufani Chido iliipiga Mayotte na kuiharibu vibaya, na mashua nyingi zilizokuwa zimetia nanga humo ziliishia ufukweni au chini ya maji. Hiyo ni wiki ambayo ofisi nyingi za Nairobi zinaanza kufunga kwa Krismasi. Ukisema basi nisubiri tufani ziishe, Mei kusi imeshaanza, na sasa upepo unakuja kutoka kule kule unakokwenda, mkondo nao ukikurudisha.

Unaweza kuivunja safari vipande: kuteremka pwani ya Tanzania kidogo kidogo hadi Mtwara, kisha kuruka kama maili 200 hadi Ngazija, kisiwa cha Komoro chenye Moroni. Ni mpango wa busara wenye miiba miwili. Kwenye latitudo hiyo mkondo mkubwa wa bahari unatoka mashariki ukija kuigonga Afrika, kwa hiyo unaruka dhidi yake. Na kusini mwa mto Ruvuma ni Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji, ambako kumekuwa na vita tangu Oktoba 2017. Ukisukumwa magharibi, huko ndiko unakosukumwa. Weka nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu njia hii ni mmoja, nao nimeupata kwa mgongo: ni safari ya kurudi nyumbani. Panda ndege kutoka Nairobi, ungana na mashua inayopanda kutoka Madagaska au Komoro kati ya Juni na Septemba, na uje na kusi ubavuni na mkondo chini yako. Kile kile kilichokuwa adui kinakuwa punda wako. Tulipotoka Komoro mwezi wa Agosti kuna siku mkondo peke yake ulituongezea maili zaidi ya 50, na tulichokuwa tunaogopa ni kupita Kilifi.

Bandari za kukimbilia zipo nyingi kuliko Shelisheli, na Mayotte ina hospitali kubwa ya Kifaransa. Kati ya Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, na Mayotte tembea usiku kwa macho manne, kwa sababu boti ndogo za wahamiaji hupita humo bila taa, zimejaa watu. Kwa karatasi, Komoro na Madagaska hutoa viza ukifika. Mayotte ni sehemu ya Ufaransa, inataka viza yake, na viza ya Schengen peke yake haikuingizi. Kwa mswahili kuna raha ambayo haimo kwenye orodha ya vipimo: Shikomori ni ndugu wa Kiswahili, na utaelewana na muuza samaki kabla hujaelewana na afisa wa bandari.

Inamfaa mwenye miezi, au mwenye wiki tatu za Agosti na nauli ya ndege ya kwenda tu.

Shelisheli

Maili kama 940, Kilifi hadi Mahé, karibu mashariki kamili. Siku nane za hesabu, kumi hadi kumi na nne za kweli. Katikati hakuna bandari. Mpaka ukaribie visiwa vya Amirantes, ambavyo ni vya chini sana na vingi havina taa, hakuna chochote cha kushika. Mstari ulionyooka unapita maili kama 25 tu kaskazini mwa African Banks, visiwa vidogo vya kaskazini kabisa mwa Amirantes. Usiache mkondo ukuteremshe usiku.

Kwenda kuna madirisha mawili. La kwanza ni mwisho wa kaskazi, Februari na Machi. Siku mbili tatu za kwanza ni ngumu, upepo uko karibu na omo, kila mtu ana kichefuchefu kwa pamoja. Ukisogea mashariki upepo huelekea kugeuka kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi, na kuna mkondo unaorudi mashariki kusini kidogo mwa ikweta unaokusaidia. La pili ni tangambili ya Aprili, bahari tulivu lakini upepo mchache na mvua za ghafla zenye upepo mkali wa dakika ishirini. Hapo injini inakuwa tanga la tatu. Fanya hesabu: injini ikila lita 2 kwa saa kwa noti 5, lita 100 ni saa 50, maili 250. Hiyo ni robo ya njia. Anayetegemea dizeli kufika Mahé hajafungua ramani.

Kurudi ni neema. Juni hadi Septemba kusi iko nyuma ya ubavu wako njia nzima, mashua inakwenda kama imeitwa. Nilirudi Julai: siku ya kwanza na ya pili nilitapika, siku ya nne nilikuwa nasahau jina la siku. Kinachochosha ni mawimbi makubwa ya pembeni yanayoitikisa mashua saa 24, na kupika kunakuwa kazi ya watu wawili.

Tufani si hofu kubwa hapa. Mahé iko latitudo 4.6 kusini, na karibu hivyo na ikweta tufani hutokea kwa nadra sana. Hofu ni watu. Oktoba 2009 wanandoa wa Uingereza waliokuwa wametoka Mahé wakielekea Tanzania katika yoti yao, Lynn Rival, walitekwa na maharamia wa Kisomali na kukaa mateka zaidi ya mwaka mmoja. Hatari imepungua sana; Januari 2023 jumuiya ya wenye meli iliondoa eneo la Bahari ya Hindi kwenye orodha ya hatari kubwa. Lakini Desemba 2023 na Machi 2024 meli za mizigo zilitekwa tena. Kaa kusini, usiruhusu upepo ukupandishe kuelekea Somalia, jiandikishe na UKMTO, ofisi ya Uingereza inayofuatilia usalama wa vyombo baharini, kabla ya kutoka, na soma taarifa za wiki hiyo, si za mwaka jana.

Msaada: katikati ya njia uko maili zaidi ya 450 kutoka Kilifi na zaidi ya 450 kutoka Mahé. Helikopta haifiki. Atakayekuja ni meli ya mizigo iliyogeuzwa njia, pengine baada ya siku nzima. Kwa hiyo EPIRB, kile kifaa kinachorusha ishara kwa setilaiti kwa megahezi 406, si cha hiari, na kiwe kimesajiliwa kwa jina la mashua na namba ya simu ya mtu wa nchi kavu anayejua mpango wako. Maji: watu watatu, lita 4 kila mmoja, siku 20 kwa tahadhari, ni lita 240. Ni mitungi 12 ya lita 20. Gawanya, usiweke yote kwenye tangi moja, kwa sababu tangi likipasuka au likiingia chumvi umebaki na soda.

Watu watatu ndio kiwango changu cha chini. Watatu kwa zamu za saa tatu, kila mmoja hulala saa sita mfululizo. Wawili hulala vipande vipande, na siku ya sita wanaanza kukosea mafundo. Karatasi ni nyepesi: idhini ya kusafiri huombwa mtandaoni, cheti cha homa ya manjano ni lazima, na unaingilia bandari ya Victoria kabla ya kisiwa kingine chochote.

Inamfaa aliyekwisha kulala baharini usiku mwingi na asiye na tarehe ya kurudi kazini iliyoandikwa kwa kalamu.

Uchague ipi, basi

Kama una likizo ya Desemba tu na watoto wanarudi shule Januari, nenda Pemba. Angalia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya pale Dagoretti Corner pamoja na ramani za upepo za mtandaoni, na ubakize siku tatu za kusubiri mwanzoni na tatu mwishoni. Zikikuisha kabla ya kutoka, lala Kilifi, ogelea, rudi Nairobi. Mashua itakungoja.

Kama likizo yako ni Julai au Agosti, usitoke Kenya kwa tanga kabisa. Ruka kwa ndege hadi Mahé, ni saa tatu hivi, au Moroni, na urudi na mashua ya mtu. Utajifunza mara tatu ya utakachojifunza ukibisha na kusi nje ya Mtwapa, na utafika nyumbani.

Kama umeacha kazi na una mwaka: Pemba mwezi wa Januari kwa majaribio, rudi Machi, rekebisha vilivyovunjika, toka kwenda Shelisheli Aprili, na ukae huko mpaka kusi itulie kidogo ndipo urudi. Komoro iache mwaka unaofuata.

Kama mmoja wa mabaharia wako ni mtu anayetapika mpaka kukauka, mpime Pemba kwanza, hata kama wengine wote wako tayari kwa Mahé. Naivasha inafundisha tanga, haifundishi tumbo. Kwenye njia ya siku kumi asiyeweza kushikilia maji tumboni kwa siku tatu ni mgonjwa wa dharura, na wewe ndiye daktari.

Na kama mashua ni ya watu wanne waliochanga na hamjaelewana nani mwenye neno la mwisho, kaeni chini Nairobi hii hii mwandike jina la nahodha kwenye karatasi, na nani anashika akiugua. Andikeni pia masharti ya kugeuka: upepo kiasi gani, saa ngapi nyuma ya ratiba, tanga lipi likichanika. Nakala moja mwachieni mtu wa nchi kavu atakayepiga simu Mombasa msipofika kwa saa mliyomwambia.